Makumbusho ya Watoto Indianapolis: mwongozo kamili wa kwenda na familia na kurudi mkiwa bado mnaongea

Kila likizo ya shule ikikaribia naulizwa maswali yale yale kuhusu kwenda na watoto Makumbusho ya Watoto ya hapa Indianapolis, na wikiendi ikishapita malalamiko nayo ni yale yale. Tumelipa hela nyingi, tumetembea mpaka miguu imevimba, mdogo kaanza kulia saa nane mpaka tunafika nyumbani, mkubwa anasema hajaona kitu, baba kanuna, mwisho wa siku tumenunua dainosaria wa plastiki dukani na safari ikaishia hapo.

Makumbusho hayana shida jamani. Shida ni kwamba familia nyingi zinaingia pale na nia ya kumaliza jengo, na lile jengo halimaliziki. The Children's Museum of Indianapolis ndiyo makumbusho ya watoto makubwa kuliko yote duniani, ghorofa tano, na nje bado kuna viwanja vya michezo. Mtu mzima peke yake hamalizi kwa siku, sembuse mwenye watoto watatu na bibi aliyekuja kutembea.

Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya kitu kimoja: siku ipangwe kufuata tumbo na usingizi wa mtoto mdogo kuliko wote, sio kufuata ramani ya jengo. Ukikubali hilo mengine ni marahisi.

## Vitu vya kuandaa kabla

Andaa usiku, sio asubuhi, asubuhi utasahau nusu.

- Tiketi, ziwe kwenye simu tayari. Kama mnatumia Access Pass (naieleza chini), basi na kitambulisho.
- Nguo za kubadilisha kwa kila mtoto chini ya miaka saba, soksi ndani yake. Kuna maji ya kuchezea, na mtoto atalowa, hata akuahidi vipi.
- Mfuko wa plastiki wa nguo mbichi.
- Raba za kukimbilia. Wasichana wenye viatu vya kung'aa vya kanisani wanateseka sana pale, na viatu vyenyewe vinaharibika.
- Pampasi, waipsi, na kigari cha mtoto ambacho kinakunjika kwa mkono mmoja.
- Maji ya kunywa na vitafunwa visivyochafua. Chakula chenyewe kiwe kwenye kibaridi ndani ya gari.
- Sweta nyepesi hata kiangazi, ndani kiyoyozi kinapiga kweli.
- Kalamu ya wino usiofutika haraka.
- Chaji ya akiba ya simu.

Nguo za watoto zifanane rangi, na iwe rangi inayopiga kelele. Njano, chungwa, au kitenge kama unacho, tena kitenge ndio bora kabisa maana mule ndani hakuna mtoto mwingine atakayekivaa.

## Hatua ya 1: Maliza habari ya tiketi ukiwa nyumbani

Bei zao hazikai mahali pamoja, zinabadilika kufuatana na siku, na ukikata mapema mtandaoni huwa ni nafuu kuliko kulipa mlangoni. Familia ya watu sita ikifika mlangoni Jumamosi bila tiketi inalipa hela ambayo ingetosha na chakula.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana watu wengi wetu hawajui. Kama unaishi Indiana na familia yako inapata SNAP (ile ya fudstampu), au TANF (hela ya msaada kwa familia zenye watoto), au watoto wako wana bima ya Hoosier Healthwise, mna haki ya Access Pass, mnaingia kwa dola chache tu kila mtu, mnajiandikisha kabla, na pasi hiyo hiyo inakubalika na sehemu nyingine kadhaa za mji. Sio msaada wa aibu, umewekwa utumike. Nawajua wazazi wanaolipa bei kamili na kadi ya EBT (ile inayowekewa fudstampu) iko kwenye pochi ile ile waliyotolea hela.

Access Pass ni ya wakazi wa Indiana. Nyie mnaotoka Louisville, Cincinnati au Chicago haiwahusu, ila angalieni na makumbusho ya huko huko kwenu, maana kuna mpango wa nchi nzima unaitwa Museums for All: unaonyesha EBT na kitambulisho, mnaingia bure au kwa dola zisizozidi 3 kwa mtu, mpaka watu wanne kwa kadi moja. Makumbusho zaidi ya elfu moja wameshajiunga.

Tahadhari: miezi ya baridi huwa wanafunga Jumatatu, angalia kalenda yao kabla hujampa mtoto ahadi. Na siku za kuingia bure kama ile ya Martin Luther King mwezi Januari zinajaza watu mpaka huoni sakafu, ukiwa na mtoto wa miaka miwili siku hiyo mwachie mwenzako.

Umefanikiwa kama: usiku wa kuamkia safari tiketi ziko kwenye simu mbili tofauti, yako na ya mwenzako.

## Hatua ya 2: Chagua vitu vitatu, basi

Vitatu. Sio vinane. Kila mtoto achague kimoja, wakiwa wengi wakubaliane wawili wawili, na kikibaki kitu cha nne kihesabu ni zawadi kama nguvu zitabaki.

Sababu ni kwamba sehemu moja nzuri mule ndani inameza saa nzima bila nyie kujua, na kati ya sehemu na sehemu kuna kutembea, choo, lifti, na yule mtoto ambaye lazima asimame kila penye kioo. Hesabu yako ya "dakika kumi na tano kila chumba" haijawahi kumfanyia kazi mtu yeyote.

Chagueni kwa umri:

Chini ya miaka mitano: Playscape. Iko ghorofa ya nne, imetengenezwa kwa wadogo tu, kuna kijito cha maji, mchanga, vitu vya kupanda, na kona ya watoto wanaotambaa. Mtoto wa umri huu ukimpa Playscape na farasi wa kuzunguka kashiba, dainosaria kwake ni ziada.

Farasi wa kuzunguka nao wako hiyo hiyo ghorofa ya nne. Ni ile bembea kubwa ya zamani ya mbao, na sio farasi tu, kuna twiga, mbuzi, kulungu, simba na chui milia. Mwambie mtoto achague mnyama wake mkiwa bado kwenye foleni, la sivyo ataganda katikati na watu wanamsubiri. Simba ni mmoja tu, jiandae kwa hilo.

Miaka mitano mpaka tisa: ScienceWorks, ghorofa ya nne pia, maji, mashua ndogo, vitu vya kujenga na kubomoa. Halafu Dinosphere, ya dainosaria, kule chini kabisa.

Miaka saba kwenda juu: Treasures of the Earth, chini, ambako wanajifanya wachimbaji wa mambo ya kale. Kuna kaburi la Farao Seti wa Kwanza, kuna wale askari wa udongo wa China, kuna meli ya yule haramia Kapteni Kidd iliyozama. Na Beyond Spaceship Earth, mambo ya anga za juu. Mtoto anayependa magari na mitambo mpeleke kwa Reuben Wells, garimoshi la mwaka 1868 lenye uzito wa tani 55, lilitengenezwa kusukuma treni zipande mlima mkali wa Madison kusini mwa Indiana. Lipo zima, sio mfano.

Miaka minane, tisa na kuendelea: The Power of Children, ghorofa ya tatu. Hii ina hatua yake peke yake chini, usiipitie juu juu.

Umefanikiwa kama: ukimuuliza mtoto kwenye gari "leo tunaenda kuona nini?" anataja kitu, hasemi "makumbusho".

## Hatua ya 3: Fika kabla mlango haujafunguliwa

Wanafungua saa nne asubuhi. Muwe mmeshapaki saa tatu na nusu na kitu. Saa mbili za kwanza ndio tamu kuliko zote, watoto wana nguvu, foleni hakuna, mashua za ScienceWorks ziko bure hazigombaniwi. Kuanzia saa sita kama ni Jumamosi mambo yanabadilika.

Anwani ni 3000 North Meridian Street. Paking ni bure, ni jengo la ghorofa upande wa pili wa mtaa wa Illinois, na linaunganishwa na makumbusho kwa daraja la juu lenye paa, kwa hiyo hata theluji ikianguka hamvuki barabara na kigari. Piga picha namba ya ghorofa uliyopaki. Wasio na gari, basi la Red Line la IndyGo linapita huo huo mtaa wa Meridian.

Tahadhari kwa watu wa Chicago: saa ya Indianapolis iko mbele ya yenu kwa saa moja. Mwendo wenyewe ni kama saa tatu, sasa mkitoka kwenu saa mbili asubuhi mnafika saa sita ya huku, nusu ya siku imekwenda na mtoto ana njaa. Hii peke yake imeharibu safari nyingi kuliko mvua. Louisville hamna shida hiyo, saa yetu ni moja, na njia ni kama saa mbili.

Kabla ya kuingia pigeni picha nje, kwenye wale dainosaria wakubwa wanaovunja ukuta wa jengo na kutokea barabarani. Pigeni asubuhi. Jioni hakuna atakayecheka kwenye picha.

## Hatua ya 4: Dakika kumi za usalama, kabla ya kitu chochote

Mkishaingia, msikimbie. Simameni kwenye ile saa kubwa ya maji, ni mnara wa vioo na maji ya rangi wa zaidi ya mita nane, hakuna asiyeuona. Hapo fanyeni mambo manne.

Piga picha kila mtoto, mzima mzima kuanzia kichwa hadi kiatu, leo leo. Akipotea hutakumbuka kavaa soksi gani, lakini simu itakumbuka.

Andika namba yako ya simu kwenye mkono wa mtoto, ndani, karibu na kiwiko. Andika na ya baba. Mtoto akiogopa anasahau hata jina lake la pili, na wengine wadogo wetu wakiogopa Kiingereza kinawakimbia wanabaki na Kiswahili, mfanyakazi wa watu ataelewa nini.

Waonyeshe sare ya wafanyakazi wa pale. "Ukipotea mtafute mtu aliyevaa hivi, usitoke nje ya mlango."

Mwambie kila mtu, bibi akiwemo, kwamba tukitawanyika tunakutana hapa kwenye saa.

Halafu choo, wote, hata anayesema hana haja.

Umefanikiwa kama: mtoto wa miaka minne anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali pa kukutana.

## Hatua ya 5: Pandeni juu kwanza

Watu karibu wote wakiingia wanateremka kwa dainosaria. Nyie pandeni lifti mpaka ghorofa ya nne, anzeni na Playscape na ScienceWorks.

Sababu ziko mbili. Kwanza mnakuwa kinyume na umati, asubuhi kule juu kuna nafasi na mchana wakianza kupanda nyie mnashuka. Pili, maji yachezewe mapema, mtoto alowe saa nne na nusu, abadilishwe saa tano na nusu, awe mkavu siku nzima. Akilowa saa tisa na nguo za akiba zimeshatumika kwa juisi, utaenda naye kwenye gari akitetemeka.

Wenye watoto wa umri tofauti, gawaneni. Mzazi mmoja na mdogo Playscape, mwingine na wakubwa ScienceWorks, ghorofa ni moja mtaonana. Usimlazimishe wa miaka kumi akae Playscape eti "tukae pamoja kama familia", atawakanyaga wadogo na utagombana na wazazi wa watu.

## Hatua ya 6: Funga mdomo, acha mtoto aguse

Hapa ndio penye kazi, na ni kwetu sisi wazazi sio kwa watoto.

Tumelelewa na "usiguse". Ukienda kwa watu usiguse, dukani usiguse, sebuleni kwa shangazi usiguse. Sasa tunaingia mahali ambapo kila kitu kimewekwa kiguswe na ulimi unaendelea wenyewe, acha hiyo, shuka hapo, utalowa, kaa vizuri, wazungu wanatuangalia. Hawakuangalii. Wana watoto wao waliolowa.

Simama pembeni ya mfereji wa maji pale ScienceWorks uangalie mtoto anayefanya kazi. Anaweka mashua, inapita. Anaweka kizuizi, maji yanapanda, mashua inakwama. Anatoa kizuizi, mashua inaondoka kwa kasi inaenda kugonga ya mwenzake. Anarudia. Anarudia tena, safari hii kaziba nusu tu. Kwa macho yako ni mtoto anapoteza muda kwenye kitu kimoja wakati tiketi imelipiwa ghorofa tano. Lakini huyo mtoto anapima. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba maji yaliyozuiwa yanajaa nguvu, kalijua mwenyewe kwa mikono yake, na ukimvuta pale dakika ya sita umemkatisha katikati ya jibu.

Kwa hiyo sheria: kabla hujasema "twende", hesabu mara tatu alizobadilisha kitu. Akiwa bado anabadilisha, subiri. Akianza kurudia bila kuangalia, au anaangalia watu wanaopita, huyo kamaliza.

Maswali ya kumuuliza yawe machache na ya kweli. "Ukiondoa hii itakuwaje?" Hilo linatosha. Sio "hii inaitwaje kwa Kiingereza?", hapa sio shule. Muulize kwa Kiswahili na ajibu kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote mnayoongea nyumbani. Vibao vyao vya maelezo ni Kiingereza, na mzazi asiyekisoma sana anaweza kudhani hana la kufanya pale, wakati mtu aliyewahi kuchimba mtaro wa maji shambani anajua habari za ule mfereji kuliko aliyeandika kibao. Chuchumaa, mwonyeshe.

Tahadhari: simu. Mzazi aliyekaa benchi na simu anapoteza mtoto, hapa ndio wanapopotelea. Video ya dakika moja inatosha kumtumia bibi WhatsApp, mengine angalia kwa macho.

Umefanikiwa kama: mtoto ndiye anayekuita wewe. "Mama njoo uone!"

## Hatua ya 7: Kuleni kabla hawajasema njaa

Saa tano na nusu, ukizidi saa sita kasoro. Watoto watagoma, watasema hawasikii njaa, wapeleke tu. Ukisubiri waseme njaa mtakuwa foleni moja na umati wote, na mtoto mwenye njaa ndani ya foleni ni kesi nyingine.

Kuna sehemu ya chakula ndani, bei ni bei za mahali pa matembezi, unajua wenyewe. Ndio maana nimesema kibaridi kiwe kwenye gari. Muulize mfanyakazi mlangoni utaratibu wa kutoka na kurudi kabla hamjatoka, daraja lile la paking linafanya iwe safari fupi tu. Chapati za kukunjwa na mayai, maandazi, ndizi mbivu, viazi karai kama ulipika jana. Pilau tafadhali iache nyumbani, utaokota punje za wali kwenye kiti cha gari mpaka Pasaka.

Badilisheni nguo hapo hapo.

Mkimaliza rudini kwenye saa ya maji kabla ya saa saba mchana. Hii watu wanaikosa kila siku ilhali iko mlangoni. Upande mmoja kuna vyombo vya kioo vinavyojaa dakika, upande mwingine vya saa, siku nzima vinapanda kimoja kimoja, sasa ikigonga saa saba kamili vya saa vyote vinamwagika na kuanza upya. Muwe mmeshasimama pale dakika tano kabla, na mdogo kwenye mabega.

## Hatua ya 8: Mdogo alale, mkubwa apande The Power of Children

Baada ya kula mdogo atasinzia. Mlaze kwenye kigari, mzazi mmoja abaki naye sehemu tulivu, na mwingine achukue wakubwa ghorofa ya tatu.

The Power of Children ni habari za watoto wa kweli. Anne Frank aliyejificha na familia yake Amsterdam wakati wa Manazi. Ruby Bridges, msichana mweusi wa miaka sita aliyesindikizwa na askari wa serikali kuingia shule ya wazungu New Orleans mwaka 1960. Ryan White, kijana wa hapa hapa Indiana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya UKIMWI alioupata kwenye dawa ya damu, chumba chake kipo pale na vitu vyake mwenyewe. Na Malala Yousafzai wa Pakistan, waliyempiga risasi kwa sababu ya kusoma.

Sasa hili naliweka wazi kwa familia zetu zilizokimbia vita, za Kongo na Burundi hasa. Pale kwa Anne Frank kuna habari ya kujificha, ya kusikiliza hatua za watu nje, ya mlango kugongwa. Mtoto aliyezaliwa huku ataona ni hadithi. Mtoto aliyefika hapa ana miaka sita, au wewe mwenyewe mzazi, inaweza ikakukuta vibaya ukiwa umesimama katikati ya watu. Ongeeni kabla ya kuingia, mwambie kuna nini ndani, na mkubaliane neno la kutoka. Akilisema mnatoka, hakuna maswali. Na kama mtoto atataka kuuliza "na sisi ilikuwaje?", usimkatalie kwa sababu eti leo ni siku ya furaha, mwambie tutaongea kwenye gari, halafu mwongee kweli.

Wapo wazazi ambao wameniambia hapo ndipo mtoto wao wa miaka kumi na mbili aliuliza kwa mara ya kwanza.

Umefanikiwa kama: mkubwa anatoka kimya kidogo halafu baadaye anaanza kuongea mwenyewe.

## Hatua ya 9: Shukeni kwa dainosaria

Mdogo kaamka, sasa ndio teremkeni chini kabisa. Msichukue lifti, tumieni ule mteremko unaozunguka, maana katikati yake umesimama mnara wa vioo vya rangi wa msanii Dale Chihuly, mita 13 kwenda juu, na kila mzunguko unauona kwa pembe nyingine. Mkifika chini kabisa kuna makochi yanayozunguka polepole, mnajilaza na kuangalia vioo kupitia dari. Bibi mwacheni hapo, atawashukuru.

Dinosphere ni chumba kikubwa cha kuba, mwanga unabadilika kutoka mchana kwenda usiku, na kuna sauti za radi na wanyama. Mifupa mingi ni ya kweli, akiwemo Bucky, T. rex aliyekufa hajamaliza kukua. Tahadhari: mtoto wa miaka miwili mitatu giza likiingia ghafla na ngurumo anaweza kupiga ukunga. Simameni karibu na njia kwanza, mwanga ukigeuka mara moja mwambie "unaona, usiku umekuja, sasa kunapambazuka", akishazoea ndio muingie ndani.

Muulize mfanyakazi ni mifupa ipi inaruhusiwa kuguswa, na tafuteni ile maabara ya kioo ambako wanasafisha mifupa. Watoto wasukume mbele waulize wenyewe, wale watu wanapenda kuulizwa kuliko unavyofikiri.

## Hatua ya 10: Ondokeni mkiwa bado mnacheka

Wanafunga saa kumi na moja jioni. Nyie tokeni saa tisa, mwisho saa tisa na nusu. Najua inauma, hela imelipwa, lakini saa ya mwisho ndiyo inayofuta saa tano za mwanzo.

Toa taarifa mara mbili: "tunabakiza sehemu moja", halafu "dakika tano". Duka la zawadi liko njiani, kwa hiyo bei ielezwe tangu asubuhi, kila mtoto dola kadhaa ulizoamua wewe, zikiisha zimeisha. Au mseme mapema kwamba leo hatununui, watoto wanakubali kitu walichoambiwa asubuhi.

Kama ni kati ya machipuko na mwanzo wa vuli na hali ya hewa nzuri, na wavulana bado wanaruka ruka, wapitishe nje kwenye Sports Legends Experience, viwanja vya kikapu, gofu, magari ya kukanyaga kwa miguu, tiketi ni ile ile. Nusu saa ya kukimbia nje na watalala njia nzima.

## Mambo yakienda mrama

Mtoto kapotea. Mmoja abaki pale alipoonekana mwisho, mwingine aende kwenye saa ya maji, na papo hapo mwambie mfanyakazi yeyote, mwonyeshe ile picha ya asubuhi. Usizunguke peke yako kwanza dakika kumi kwa aibu.

Bibi kachoka. Kuna viti vya magurudumu vya kuazima, uliza mlangoni tangu mnaingia, usisubiri goti limuume. Lifti na ule mteremko vinafika kila ghorofa.

Mdogo analia hanyamazi. Mtoe nje ya kelele, mpe maji, mwangalie pampasi, subiri dakika kumi. Bado analia? Mzazi mmoja arudi naye kwenye gari, mwingine amalizie na wakubwa kile kitu cha tatu. Msiwaadhibu wote kwa sababu ya mmoja.

Mmefika mmechelewa, saa saba imepita. Basi vitu vitatu viwe kimoja na nusu: dainosaria, na farasi wa kuzunguka. Mengine mtaja siku nyingine, na kama mnaishi karibu pigeni hesabu ya uanachama wa mwaka mkiwa bado pale pale dirishani.